Hema la kukodi, siku nne Lushoto hadi Mtae

Tuliambiwa ni la watu wanne. Labda wanne wa chekechea. Mwenye duka (jina namstiri) alilisifia weee, tukalipa, nikaacha kitambulisho.

Usiku wa kwanza, tukishapita msitu wa Magamba, zipu ikagoma. Baridi ya Usambara siyo mchezo hata mwezi wa Desemba. Tuliziba mlango kwa kanga yangu na pini tatu. Asubuhi imelowa umande chapachapa, na shoga yangu ananisimanga eti nilikoroma.

Ila halivuji, hilo nalisema kwa haki. Karibu na Lukozi mvua ilipiga tangu magharibi hadi alfajiri, ndani hakuingia tone. Tena ni jepesi, tulilibeba kwa zamu bila kununiana. Ugomvi wetu ulikuwa sufuria: kila baada ya chai na viazi vya kuchemsha, ghafla wote wanatafuta viatu.

Mtae tulilianika ukingoni, tambarare za Mkomazi chini kule, tukamaliza plamsi za njiani.

Nyota tatu. Kurudisha, bwana akataka nilipie zipu. Nikamtandikia ile kanga mezani, na matundu yake.