Kipimo cha pumzi cha "kuchoma mafuta": uzoefu wangu katika kituo kimoja cha mazoezi Dar es Salaam

Kijana aliyenipima alinikodolea macho mbele ya wateja waliokuwa wakisubiri zamu zao, akasema kwa sauti ya juu: "Mama, mwili wako hauchomi mafuta kabisa, umezoea kukaa tu." Imepita miezi kadhaa na hasira haijaniisha, kwa kuwa maneno yale, mbali na kukosa adabu, hayakuwa na msingi wowote.

Kinachopimwa pale ni asetoni. Ini linapovunja asidi za mafuta kwa wingi hutengeneza kemikali ziitwazo ketoni, na sehemu ya ketoni hizo hugeuka asetoni, ambayo huwa mvuke kwa urahisi na kutoka pamoja na pumzi. Kwa mtu mwenye afya anayekula kawaida, kiasi chake huwa karibu sehemu 1 katika milioni, kwa hiyo kifaa kinachotafuta kitu kidogo namna hiyo hakifai kusogezewa mvuke mwingine. Kijana yule aliupangusa mrija wa kupulizia kwa kitakasa mikono chenye alkoholi, na kabla haujakauka akanitaka nipulize. Vihisi vingi vya bei nafuu haviwezi kutofautisha vizuri alkoholi na asetoni, na ndiyo maana namba ilikuwa juu hata kabla sijapanda baiskeli. Niliposhuka, natiririka jasho, nikapuliza katika mrija uleule ambao sasa ulikuwa mkavu. Namba ikawa ndogo, naye akanitangazia uvivu.

Nilimweleza kwa upole habari ya kitakasa mikono. Akanijibu kwamba mashine haikosei, kisha papo hapo akanipa karatasi ya bei za kifurushi cha lishe.

Nilikusudia kuandika kwamba kifaa hakina kosa na lawama zote ni za mhudumu. Bado naamini kwamba kikitumiwa kwa utulivu, na mtu akijilinganisha na nafsi yake kwa muda mrefu, kinaweza kumfaa. Lakini kadiri ninavyolifikiria jambo hili ndivyo ninavyokataa kukitetea, kwani asetoni huendelea kupanda saa kadhaa baada ya mazoezi, wakati mwili umepumzika, na utaratibu mzima wa kituo kile ni kumpima mtu mara tu anaposhuka kwenye baiskeli. Anayetaka kujua misuli inatumia nini wakati wa mazoezi hupima oksijeni inayotumika na kabonidayoksaidi inayotoka: uwiano wa kabonidayoksaidi kwa oksijeni ukikaribia 0.7, mafuta ndiyo yanayotumika zaidi, ukikaribia 1.0, ni wanga. Hata uwiano huo hupanda mtu anapoongeza kasi, awe mwanariadha au la, kwa hiyo namba moja haitoshi kumhukumu mtu kuwa mvivu.

Nimeomba nirudishiwe fedha zangu. Wamenijibu kwamba huduma ilikwisha kutolewa.