Kufikisha hoja kwenye Bodi ya Wakurugenzi: njia alizonazo mwanahisa wa DSE, na ipi inaleta jibu

Ukinunua hisa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), hata kama ni 100 tu, umenunua pia haki ya kuwauliza wakurugenzi wanavyoiendesha kampuni. Haki hiyo ina milango kadhaa, nayo haifanani. Wanahisa wengi hukimbilia maikrofoni ya Mkutano Mkuu wa Mwaka. Mlango unaomfaa zaidi mwanahisa mdogo ni mwingine kabisa: barua kwa Katibu wa Kampuni. Hauna gharama zaidi ya karatasi na nauli, na ndiyo maana tathmini hii inauweka mbele ya yote.

Katibu wa Kampuni ndiye anayeandaa ajenda za bodi, anayekusanya makabrasha ya vikao na anayeandika kumbukumbu. Barua iliyoandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji huishia kwa menejimenti, mara nyingi dawati la huduma kwa wateja, na hapo hoja inayohusu menejimenti inajibiwa na menejimenti yenyewe. Kwa hiyo andika juu: "Mwenyekiti wa Bodi ya Wakurugenzi, kupitia kwa Katibu wa Kampuni", kisha anwani ya ofisi iliyosajiliwa. Anwani hiyo imo mwanzoni au mwishoni mwa taarifa ya mwaka.

Ukurasa mmoja unatosha. Weka jina lako kama linavyosomeka kwenye daftari la wanahisa, namba ya akaunti ya CDS (akaunti ya kielektroniki inayotunza hisa zako), idadi ya hisa na simu. Kisha YAH, na YAH iwe ya jambo moja. Barua yenye malalamiko saba hujibiwa lile jepesi, na sita yanabaki yananing'inia.

Swali lenyewe ndipo wengi wanapoharibu. "Kwa nini gawio ni dogo?" litajibiwa kwa sentensi mbili kuhusu sera ya gawio na hali ya uchumi. Chukua mfano wa kubuni wa swali lenye meno: "Maelezo ya hesabu kuhusu miamala na kampuni zenye uhusiano yanaonyesha ada ya usimamizi kwa kampuni mama imepanda kutoka shilingi bilioni 2 hadi bilioni 3.1, wakati mapato yameshuka. Ongezeko hilo liliidhinishwa na kikao kipi cha bodi, na je, wakurugenzi wanaotoka kampuni mama walijitoa kwenye uamuzi huo?" Hapo kuna tarakimu zinazotoka kwenye hesabu zao wenyewe, na kuna maswali mawili yanayojibika kwa tarehe na kwa ndiyo au hapana. Malizia na ombi: "Naomba barua hii iwekwe mbele ya Kamati ya Ukaguzi katika kikao chake kijacho, na nijulishwe uamuzi wake kwa maandishi." Kuitaja kamati kunasaidia, kwa sababu kamati ni watu wachache wanaosoma kwa undani kuliko bodi nzima yenye ajenda ndefu.

Muda nao una uzito. Bodi nyingi hukutana kila robo mwaka, karibu na wakati wa kupitisha hesabu za robo hiyo, na makabrasha hufungwa wiki moja au mbili kabla ya kikao. Barua inayofika siku tatu kabla itasubiri robo inayofuata. Ilenge ifike mwezi mzima kabla.

Ipeleke kwa mkono, nakala mbili. Nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe, na aliyeipokea aandike jina. Wakikwambia "acha tu, tutamfikishia", omba saini iwekwe kwenye kitabu chako cha kukabidhi barua. Siku hiyohiyo tuma pia nakala ya PDF kwa barua pepe ya Katibu. Barua isiyo na muhuri ndiyo inayopotea, na mwaka mmoja baadaye huna cha kuonyesha. Udhaifu wa njia hii usemwe wazi: bodi hailazimiki kumjibu kila mwanahisa aliyeandika. Hapo ndipo muhuri ule unapopata kazi ya pili, kwenye mkutano mkuu.

Mkutano mkuu, kama huduma ya kuuliza maswali, ni wa wastani. Tangazo hutoka angalau siku 21 kabla, na kampuni nyingi zinazofunga mwaka wa hesabu tarehe 31 Desemba hukutana kati ya Aprili na Juni. Ukumbini swali lako lina dakika mbili hivi. Mwenyekiti hukusanya maswali matano au sita kwa mpigo, kisha hujibiwa "kwa pamoja". Swali gumu huzama katikati ya maombi ya tawi jipya na pongezi kwa uongozi. Ikifika saa saba mchana kila mtu anataka kikao kifungwe. Ukisubiri kipengele cha mengineyo, umechelewa, kwani hicho kiko mikononi mwa Mwenyekiti.

Kuna kipengele ambacho wanahisa hukipuuza na ndicho chenye nguvu: "Yatokanayo na kumbukumbu za mkutano uliopita". Swali lililoingia kwenye kumbukumbu za mwaka huu linaweza kufufuliwa mwakani kwenye yatokanayo, asubuhi, ukumbi ukiwa bado na nguvu. Kwa hiyo unaposimama taja jina, idadi ya hisa na tarehe ya barua yako yenye muhuri, uliza swali lilelile neno kwa neno, kisha sema: "Naomba swali hili na jibu lake viandikwe kwenye kumbukumbu." Mwakani pitia kumbukumbu kabla hazijathibitishwa. Kama zimeandika tu "wanahisa waliuliza maswali na yalijibiwa", pinga papo hapo, kabla mtu hajatoa hoja ya kuzithibitisha.

Mlangoni nako kuna vikwazo. Jina la kwenye CDS likitofautiana na la kitambulisho cha NIDA, unaweza kuzuiwa. Rekebisha kupitia dalali wako wiki kadhaa kabla. Fomu ya uwakilishi, ya kumtuma mtu mwingine kwa niaba yako, hutakiwa kufika saa 48 kabla ya mkutano, na kosa la kawaida ni kuiwasilisha bila saini au kwa fomu ya mwaka jana. Soma pia katiba ya kampuni kuhusu kura: kwa kunyoosha mikono kila aliyehudhuria ni kura moja, ila kura ya karatasi ikiitishwa zinahesabiwa hisa. Mwenye vipande vya UTT (mifuko ya uwekezaji wa pamoja) ajue kwamba yeye si mwanahisa wa kampuni ambazo mfuko umewekeza. Anayeingia kwenye daftari ni mfuko, na hoja yake aipeleke kwa meneja wa mfuko.

Mikutano ya mtandaoni imerahisisha kuhudhuria na imedhoofisha kuuliza. Swali unaliandika kwenye kisanduku, analiona mratibu, na yeye ndiye anayechagua litakalosomwa. Hapa majirani wa Nairobi wana jambo zuri la kuigwa. Tangu Mahakama Kuu ya Kenya iruhusu mikutano hiyo mwaka 2020, matangazo ya kampuni nyingi zilizoorodheshwa huko yamekuwa yakiahidi kuchapisha kwenye tovuti maswali yote yaliyopokelewa pamoja na majibu, kabla ya mkutano kuanza. Wanahisa wa DSE waliombe hilo kwa barua. Ni jambo dogo kwa kampuni, na linaziba mwanya mkubwa.

Njia nzito kuliko zote ni kuitisha mkutano mkuu maalumu. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002 inawapa haki hiyo wanahisa wenye angalau sehemu moja ya kumi ya mtaji uliolipiwa wenye haki ya kura. Ombi litaje madhumuni, lisainiwe na waombaji wote na lipelekwe ofisi iliyosajiliwa. Wakurugenzi wana siku 21 za kuchukua hatua. Sasa piga hesabu: kampuni yenye hisa milioni 500 inahitaji waombaji wenye hisa milioni 50. Kwa wanahisa wadogo peke yao, hiyo ni kazi ya miezi. Fungua orodha ya wanahisa kumi wakubwa kwenye taarifa ya mwaka. Ukiona mfuko wa pensheni kama PSSSF au NSSF, wapelekee nakala ya barua yako tangu mwanzo. Wao wana hisa za kutosha kuifanya bodi iinue simu.

Mfanyakazi wa kampuni asitumie mlango wa mwanahisa kwa siri za kazini. Njia yake ni mwenyekiti wa Kamati ya Ukaguzi au laini ya kutoa taarifa, hasa inayoendeshwa na kampuni ya nje. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, lakini inamlinda aliyepeleka taarifa kwa mamlaka husika kwa nia njema. Nyaraka zilizotupwa kwenye kundi la WhatsApp ni jambo jingine.

Bodi ikinyamaza kwa robo mbili na una nakala zenye mihuri, sogea mbele kulingana na hoja yenyewe. Taarifa iliyofichwa sokoni ni suala la CMSA (Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana) na DSE. Usalama wa amana kwenye benki ni la Benki Kuu. Kampuni ya bima ni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Wanahisa wanaoona kampuni inaendeshwa kwa kuwaumiza wana kifungu cha 233 cha Sheria ya Kampuni, lakini hapo ni mahakamani, ni gharama, na wakili atakuuliza kwanza: barua zako ziko wapi?