Kadi mpya ya grafiki au kompyuta nyingine? Mwongozo kwa wenye Dell, HP na Lenovo za ofisini

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Nairobi na Dar es Salaam zilishatumika maofisini ng'ambo kabla ya kuletwa huku: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine ngumu, lakini hazikuundwa kwa ajili ya gemu wala kuhariri video. Gemu ikianza kukwamakwama, mwenyewe huuliza anunue kadi gani. Hilo liwe swali la tatu. La kwanza ni kitu gani hasa kinachokwamisha, na la pili ni kama keisi na pawa saplai vitaipokea kadi hiyo.

Pima kabla ya kutoa hela

Gemu ikiwa inaendelea, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, uende kwenye Performance. GPU (chipu inayochora picha) ikisoma asilimia 95 na zaidi muda wote, kadi ndiyo iliyofika mwisho wake. Ikisoma 50 au 60 huku gemu inasuasua, tatizo liko kwenye prosesa au RAM. Usidanganywe na asilimia ya jumla ya prosesa, kwani inaweza kuonyesha 40 wakati kiini kimoja kimejaa hadi pomoni. Bofya grafu kwa kitufe cha kulia, uchague kuona kila kiini peke yake.

Jaribio la pili ni rahisi zaidi. Shusha ukubwa wa picha ndani ya gemu kutoka 1080p hadi 720p. Fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zikipanda sana, kadi ndiyo dhaifu. Zikibaki palepale, hata ukiweka kadi ya bei mbaya hutaona tofauti.

Angalia pia RAM. Mashine hizi mara nyingi huja na kipande kimoja cha GB 8. Kuongeza cha pili kama hicho hufanya viwili vifanye kazi sambamba, na anayetegemea grafiki ya ndani ya prosesa ataona nafuu papo hapo, kwa kuwa grafiki hiyo hutumia RAM hiyohiyo. Gemu inayokwama tu unapoingia eneo jipya inalia na diski, kwa hiyo toa ile ya kuzunguka uweke SSD. Vyote viwili ni vya bei nafuu kuliko kadi.

Namba ya prosesa ndiyo inayoamua

i5-4590 ni kizazi cha 4, i5-6500 cha 6, i5-8500 cha 8. Mpaka wetu ni kizazi cha 8. Windows 10 iliacha kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi hukubali prosesa za Intel kuanzia kizazi hicho. Isitoshe, i5 za kawaida za kizazi cha 8 zina viini 6 badala ya 4. Za kizazi cha 2 na cha 3 ndizo zilizoachwa nyuma kabisa, maana hazina maagizo ya AVX2, na baadhi ya gemu mpya hukataa hata kuwaka.

Tumeyapanga machaguo kuanzia lile linalorudisha thamani ya fedha yako vizuri zaidi.

1. Una mnara (keisi kubwa ya kusimama) wa kizazi cha 8 au zaidi: nunua kadi isiyo na waya wa umeme

Hawa ni OptiPlex 7060, EliteDesk 800 G4, ThinkCentre M920 na ndugu zao. Sloti ya kadi kwenye madabodi hutoa wati 75, si zaidi. Kadi inayotosheka na kiasi hicho haihitaji uguse pawa saplai. Piga hesabu: i5-8500 ni wati 65, kadi 70, na vingine vyote tuseme 40. Jumla ni kama 175, na pawa saplai ya 7060 ya mnara ni ya wati 260. Nafasi ipo.

Ya kwanza kwetu ni RTX 3050 ya GB 6, ya wati 70. Hapa fungua macho, kwa sababu ipo RTX 3050 nyingine ya GB 8 inayokula wati 130 na kudai waya. Jina ni moja, kadi ni mbili, na muuzaji akikuambia "ni 3050 tu" hajakujibu.

Inafuata GTX 1650 ya GB 4, wati 75. Zipo zilizotengenezwa na tundu la pini 6, kwa hiyo tazama ubavu wa kadi kabla ya kulipa. RX 6400 ni ya wati 53 na inavutia kwenye karatasi, lakini imeunganishwa kwa njia 4 tu za PCIe, yaani ile sloti ya kadi. Mashine za kizazi cha 8 zina PCIe 3.0, hivyo kadi hupata nusu ya upana iliyopangiwa, na haina kifaa cha kurekodi video ndani yake. Anayerekodi gemu aiache.

GTX 1050 Ti bado inatembea, ila NVIDIA imekwisha kuifungia draiva (programu za kuiendesha) mpya za gemu na kuibakizia za usalama tu. Inunue ikiwa bei ni ya kutupa. Arc A380 ya Intel tusingeipendekeza kwa mashine hizi. Inataka Resizable BAR (uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mpigo), na bila hiyo hushuka vibaya.

2. Una kizazi cha 4 hadi cha 7: badili kompyuta, kadi ije baadaye

OptiPlex 9020 na EliteDesk 800 G1 ziko hapa. Kuweka kadi nzuri juu ya i5-4590 ni kuiajiri kisha kuinyima kazi. Uza mashine na RAM yake (ya kizazi cha 4 ni DDR3, aina ya zamani, haihamii kwenye mpya), ununue mnara wa kizazi cha 8 au cha 9 uliotumika, kisha ufanye kama namba 1. SSD ya SATA utahama nayo.

Kama mfuko unaruhusu kimoja tu mwezi huu na gemu zako ni za zamani, anza na kadi, maana nayo itahama. Lakini nunua ile itakayotosha kwenye mashine ijayo, si ya kuzibia pengo.

3. Una keisi nyembamba ya kizazi cha 8

Kadi lazima iwe fupi kwa kimo na ije na bati fupi la kufungia. Bati hilo hupotea sana kwenye kadi zilizotumika, na bila hilo kadi haikai. Zipo RTX 3050 ya GB 6, GTX 1650 na RX 6400 za kimo hicho. Pima pia unene, kwani kadi ya sloti mbili inaweza kugonga pawa saplai au kukosa hewa. Mara nyingi ni heri kubadilishana na mnara, ukiongeza kidogo juu.

4. Kadi kubwa pamoja na pawa saplai mpya

RX 6600 ni ya wati 132, RTX 4060 ya 115, na zote hudai waya wa pini 8. Shida ni kwamba Dell na HP wana plagi zao wenyewe. OptiPlex 9020 hutumia pini 8 mahali pa zile 24 za kawaida, EliteDesk 800 G1 hutumia 6. Utahitaji adapta ya modeli yako hasa, na pawa saplai ya kawaida ambayo huenda isiingie kwenye keisi. Jumlisha kadi, pawa saplai na adapta. Jumla ikizidi bei ya mnara mwingine mzuri, umeshapata jibu.

Jambo moja hatulikubali hata kwa dawa: waya wa kugeuza plagi ya SATA kuwa ya pini 6 ya kadi. Plagi ya SATA imekadiriwa wati 54 kwenye volti 12, na pini 6 inaweza kuvuta 75. Plastiki huyeyuka.

Laptop haimo kwenye mpango huu. Karibu zote zina kadi iliyochomelewa kwenye madabodi, kwa hiyo hapo ni kubadili mashine tu.

Dukani

Kadi bandia ni nyingi. Kadi ya kale kama GTX 550 Ti hubadilishwa programu ya ndani ikajiita GTX 1050 Ti, na Windows itaisoma kwa jina hilo la uongo. Beba GPU-Z, programu ya kukagua kadi, kwenye flashi, maana huandika neno la onyo mbele ya jina ikigundua hila. Tundu la VGA kwenye kadi inayoitwa 1050 Ti nalo litie shaka, kwa sababu chipu za kizazi hicho hazitoi mawimbi ya VGA zenyewe. Kwa RX 580, hesabu ya vitengo vya kuchakata (Shaders) kwenye GPU-Z ionyeshe 2304. Ikionyesha 2048 ni toleo la chini, na bei ishuke.

Kadi nyingi zilizotumika zilichimba sarafu hadi Ethereum ilipoacha uchimbaji huo Septemba 2022. Si lazima ziwe mbovu, ila feni na pasta ya joto huwa zimechoka. Omba FurMark, programu ya kuipa kadi kazi nzito, iendeshwe dakika 15. Joto likisimama chini ya nyuzi 80 ni sawa. Vidoa au mistari ya rangi ikitokea, rudisha mezani, na usikubali "ni draiva tu".

Kufunga

Futa draiva ya zamani kwa DDU (programu ya kusafisha draiva) ukiwa Safe Mode, yaani Windows ikiwa na vitu vya msingi tu. Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde 10 umeme uliobaki uishe. Sukuma kadi mpaka kilimi cha sloti kilie, kisha kaza skrubu. Kadi iliyoning'inia bila skrubu ndiyo hupoteza picha meza ikitikiswa.

Kioo kikibaki cheusi, angalia kwanza kebo ya monita. Mara nyingi imebaki kwenye tundu la madabodi badala ya la kadi. Kisha sasisha BIOS (programu ya msingi ya madabodi) ukitumia grafiki ya ndani. Monita ya VGA itahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda VGA chenye chipu ndani yake. Waya mtupu wenye plagi mbili hautaonyesha chochote.