Samli machoni siku saba Kerala, uzoefu wangu

Mi jicho la kulia linanisumbua tangu 2019, yuveitisi, yaani uvimbe wa ndani ya jicho, sio ile redaizi ya kuambukizana. Mara mbili tatu kwa mwaka naamka jicho jekundu, mwanga wa dirishani unachoma kama sindano, nashinda gizani. Hospitali matone ya prednisoloni, linatulia, linarudi. Na matone yenyewe ukiyazoea yanaleta mtoto wa jicho na presha ya macho, hofu ikaniingia.

Shemeji alikua anaenda India kutibiwa mgongo nikaungana nae, tukaingia kituo kimoja cha ayurveda, tiba ya asili ya Kihindi, huko Kerala. Daktari wao alinipa moyo, alisema tarpana, yaani hiyo ya kuloweka jicho kwenye samli, haifanywi jicho likiwa limewaka, akahakikisha limetulia ndo tukaanza. Unalala chali, wanakuzungushia jicho ukuta wa unga wa choroko nyeusi, fikiria ngata ya kubebea ndoo ila ndogo, halafu wanamimina samli ya vuguvugu iliyopikwa na triphala, yaani amla na matunda mengine mawili, mpaka kope zinazama. Ndo wanakwambia fumbua sasa. Mama yangu! Unafumbua unaona njano tupu, harufu kama jikoni siku ya biriani, na kujipangusa marufuku. Wakimaliza wanatoboa unga pembeni inachuruzika.

Ukavu wa macho uliisha, hilo silibishi, kwa miezi kadhaa nilikaa kwenye kompyuta bila kufikicha.

Palipoharibika ni kwa muuza dawa wa pale pale, akanambia achana na matone ya hospitali hayo sumu, weka haya ya asali. Nami mjinga nikaacha ghafla wakati nilikua bado napunguza dozi taratibu, tone moja kwa siku. Siku ya tano jicho hilo, nyanya. Tukakimbilia daktari wa macho Kochi, mji wa huko huko Kerala, ile mashine ya kuegemeza kidevu, akaguna tu. Akanirudisha kwenye matone kila saa, akataka na vipimo vya damu, kifua kikuu na kaswende, maana navyo vinaleta huu uvimbe. Aliposema kaswende shemeji alinitazama mpaka nikaona aibu bure, majibu yakatoka safi. Miaka yote hiyo nyumbani hakuna aliyenipima!

Vidonge vyeusi nilivyouziwa sijameza hata kimoja, 2004 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilitoa utafiti, dawa 14 kati ya 70 za ayurveda zilizouzwa Boston zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki, na vyangu havina hata lebo.

Samli naipa nyota nne kwa ukavu, kwa uvimbe sifuri maana baada ya miezi minne ulirudi vilevile. Duka lao halipati hata nusu. Shemeji yeye anasema mgongo umelegea, anataka turudi mwezi wa saba, nimemwambia nauli anilipie yeye.