Wazo dogo la kompyuta: ulisajilie hataza au uliache wazi?
Plagi ya sumaku ya MagSafe, ya Apple mwaka 2006, ni wazo jepesi: ukikwaa waya, plagi inachomoka, laptopu inabaki mezani. Apple ilisajili hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiliige.

Kwa ulinzi, hataza inashinda: miaka 20 tangu kuombwa. Kwa gharama inalemea; kuna ada za kuihuisha na mawakili, na bila hela ya kesi ni karatasi tu.

Kwa kuenea, uwazi unashinda. Intel haikutoza mrabaha (ada ya kutumia uvumbuzi) kwa USB; mwaka 1999 Apple ilitaka dola moja kwa kila tundu la FireWire, njia shindani ya kuunganisha vifaa. Angalia laptopu yako ina lipi.

Una kiwanda na mtaji? Sajili. Unauzia wanafunzi vibao vichache vya saketi? Achia michoro wazi kwa wote. Kenya pia kuna cheti cha modeli ya matumizi (kama hataza ndogo, kwa uvumbuzi mwepesi), miaka 10.