Kurekebisha rangi za skrini ya laptopu: kwa macho au kwa kipima rangi?

Windows ina zana yake ya kurekebisha rangi: andika dccw kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha fuata hatua. Haigharimu kitu na haichukui muda. Ukifika kwenye gama, yaani mng'ao wa rangi zilizo kati ya nyeusi na nyeupe, utaona viduara vyenye nukta katikati; unasogeza kitelezi mpaka nukta zififie, karibu zisionekane. Hatua hiyo naipenda sana, maana sehemu za picha zilizomezwa na weusi huanza kuonekana tena. Tatizo ni macho yenyewe. Yanazoea haraka mno: kaa mbele ya skrini yenye ubluu kwa muda, na utaanza kuiona nyeupe kabisa.

Kipima rangi hakidanganyiki hivyo. Ni kifaa kidogo cha USB kinacholazwa juu ya skrini; programu inaonyesha rangi moja baada ya nyingine, kihisi kinasoma, na masahihisho yanahifadhiwa kwenye faili la ICC, linaloielekeza kompyuta namna ya kuonyesha rangi kwenye skrini hiyo. Shabaha ya kawaida ni weupe wa kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga; huu unakaribia wa mchana) na gama 2.2. Ni cha kununua, ndiyo, lakini anayechapisha picha au kuhariri kazi za wateja asikwepe gharama hiyo.

Kwa filamu na kazi za ofisi, macho yanatosha.

Njia yoyote utakayochagua, zima kwanza mwanga wa usiku wa Windows (unaoipa skrini unjano) na mwangaza unaojibadilisha wenyewe, kisha acha skrini iwake nusu saa. Na kama paneli ya skrini haina uwezo wa kutoa nyekundu iliyokolea, hakuna kifaa kitakachoiongezea.