Krosi safi, propela imefungwa kombo: gereji iliyoshika 109

Land Rover 109 Series III iliingia gereji na kosa moja: "kong!" kila ukiachia klachi, na ukitembea polepole, chwi chwi chwi ya krosi iliyokauka grisi (krosi ni kiungo kinachopinda kwenye ncha za propela, ile shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli). Imetoka bila kong. Imetoka pia ikitetemeka kuanzia kilomita 60 kwa saa, kioo cha nyuma hakionyeshi kitu. Niliporudi, fundi mkuu hata kuinama kuchungulia hakuinama. "Bosi, hii ni 109, ulitaka inyamaze kama Toyota Premio?"

Premio imeingiaje hapa? Kupima ni kazi ndogo. Gari likiwa kwenye mwendo linapotetemeka, toa gia uliache liserereke. Mtetemo ukibaki, injini na klachi hazina kesi. Tairi isiyo na balansi hutikisa polepole, utaisikia kwenye usukani. Propela huvuma haraka, chini ya kiti, maana kwa difu (gia za katikati ya ekseli) yenye uwiano wa 4.7 inazunguka karibu mara tano kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Kisha fungua propela ya mbele, bolti nne kila upande, spana ya 9/16, uendeshe kwa ya nyuma peke yake. Mtetemo uleule. Basi ni ya nyuma, aliyoishika yeye.

Na kosa linaonekana kwa macho! Aliichomoa propela kwenye meno yake ya kuteleza, akairudisha bila kuweka alama, mishale miwili iliyogongwa kwenye chuma haielekeani. Krosi ikizunguka kwa pembe, huharakisha shafti na kuipunguza mara mbili kila mzunguko. Krosi ya pili hufuta kosa hilo iwapo tu yoki mbili za propela (zile uma zinazoshika krosi) zimelala usawa mmoja. Zikipishana meno machache, halifutiki. Dawa ni kuchomoa, kulinganisha mishale, kufunga. Ila tia kabari kwenye tairi kwanza: hendibreki ya gari hili hushika nyuma ya giaboksi, si kwenye tairi, kwa hiyo propela ya nyuma ikishatoka haizuii kitu.

Nisimdhulumu. Krosi zenyewe kazi safi. Vikombe vyote vya ncha za krosi vimezama hadi klipu zikakaa, hakuna sindano ya beringi iliyoanguka ikalala chini ya kikombe (hapo ndipo wengi huishia kugonga nyundo kwa hasira), zinapinda kwa mkono bila kukwama, na nipo (vitundu vya kutilia grisi) zinafikika kwa bomba la grisi. Kwa hilo, nyota nne.

Nne? Mtu huyuhuyu, kabla ya habari za Premio, alishaniandikia difu nyingine kwenye karatasi! Difu mbovu hulia, na mlio hubadilika ukikanyaga mafuta na ukiachia. Hii haijalia hata siku moja. Nyota moja.

Haya, mbili, kwa ajili ya zile klipu.